Rezini ya Rangi Inapotia Ukungu

Ulitaka buluu ya maji ya ufukwe wa Shela, ile ambayo mtu akisimama maji ya kiunoni bado anavihesabu vidole vyake mchangani. Ukamwaga rezini, ule utomvu wa kiwandani unaoganda kama kioo, na kilichotoka kwenye kalibu ni buluu ya maziwa. Hapo kila mtu huilaumu rangi na kwenda kutafuta chupa nyingine. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, mpaka siku nilipompelekea kidani sonara mmoja mzee wa mtaani kwetu hapa Lamu, mmoja wa wale wanaopachika vigae vya sahani kuukuu za Kichina kwenye pete za fedha. Nilitaka anitilie kipete cha kuning'inizia, basi. Akakielekeza dirishani, akakigeuza mara mbili, akaniuliza kama nilikilaza nje usiku kabla hakijaganda.

"Naam, ami. Ukumbini, kwenye upepo."

"Basi hapa kuna mai, mwanangu. Rangi yako haina kosa."

Mai, kwa Kiamu, ndiyo maji. Mzee huyo hajawahi kumwaga rezini hata siku moja, lakini tangu hapo kila kipande kikiniharibikia huanza na swali lake: maji yameingilia wapi? Mara nyingi sihitaji swali la pili.

Nitakayoeleza ni ya epoksi ya chupa mbili, rezini na hadina (kile cha kuigandisha), kwa vitu vidogo kama vidani, hereni, vishikio vya funguo na sinia za mbao zilizojazwa nyufa. Poliesta, ile wanayotumia mafundi wa boti za faiba, ina vituko vyake, nami nitaitaja itakapobidi.

Kwanza: ukungu uko wapi?

Usibadilishe chochote kabla ya kujua hili. Chukua kipande kibovu, kipake maji kwa kidole, kitazame kwenye mwanga. Kikisafika ghafla kisha kikarudi ukungu kinapokauka, tatizo liko kwenye ngozi tu. Maji yamejaza mikwaruzo midogo na kuusawazisha uso kwa dakika chache. Ndani hamna kosa, na kazi yako inaweza kuokolewa.

Kama maji hayakubadilisha kitu, subiri giza. Funika tochi ya simu kwa karatasi nyeusi yenye tundu dogo, uimulike rezini kutoka ubavuni huku ukiitazama kwa mbele. Ukiuona mwali ukipita ndani, kama jua linavyopenya tundu la paa la makuti kwenye chumba chenye vumbi, basi mna vitu vinavyoutawanya mwanga: chembe za rangi, vitone vya maji, au viputo vidogo mno. Viputo vikubwa kidogo humetameta kimoja kimoja, hivyo kuvitambua ni rahisi. Usipouona mwali, mwanga umeingia ukazama tu, rezini yako ni angavu kabisa. Umetia rangi nyingi, hilo tu.

Tofauti hii ndiyo nusu ya ufundi wenyewe. Fikiria bilauri mbili. Moja ina chai ya rangi, nzito hata kukaribia weusi, lakini ukiiinua kwenye taa unaona ng'ambo. Nyingine ina chai hiyohiyo iliyotiwa kijiko cha maziwa. Ni nyeupe zaidi na nyepesi kwa macho, lakini taa huioni tena. Rangi iliyoyeyuka humeza sehemu ya mwanga na kuacha nyingine ipite imenyooka. Rangi ya chembe huupiga mwanga ukatawanyika kila upande. Hakuna kiasi kidogo cha maziwa kitakachokurudishia chai ya rangi, na ndiyo maana kupunguza rangi isiyofaa hakuleti uangavu, huleta maziwa mepesi.

Ngozi imefifia, ndani ni safi

Sababu ya kijinga kuliko zote ni kalibu. Silikoni hunakili kila kitu, pamoja na ukavu wa uso wake. Kalibu isiyong'aa hutoa kipande kisichong'aa, hata rangi ingekuwa ya aina gani. Sababu ya pili ni msasa ulioishia njiani. Kutoka namba 400 nenda 800, kisha 1500, kisha 2000, kwa maji, halafu malizia kwa polishi ya gari na kitambaa laini. Ukiruka hatua, mikwaruzo ya namba 400 itabaki chini ya mng'aro.

Sababu ya tatu ndiyo yetu sisi watu wa visiwani. Kipande kimeganda vizuri, lakini juu yake kuna utando kama wa nta, unateleza kidole, mara nyingine mweupe kabisa. Hadina nyingi za epoksi zina kemikali iitwayo amini. Amini hiyo ikikutana na unyevu na hewa ya kabonidayoksaidi juu ya uso kabla haujaganda, hutengeneza huo utando. Hapo ndipo lilipolenga swali la sonara kuhusu ukumbi na upepo wa usiku.

Dawa yake ni maji vuguvugu na sifongo ya kusugulia vyombo, kwa sababu utando huo huyeyuka kwenye maji. Usikimbilie thina, itausambaza tu. Osha, kausha, ndipo upige msasa. Ukimwaga tabaka la pili juu yake bila kuosha, umeufungia katikati, na hapo hakuna polishi wala dua itakayoufikia.

Kuuzuia ni suala la saa. Unyevu wa hewa yetu huwa juu usiku na alfajiri, kisha hupungua jua likipanda. Mimi humwaga kati ya saa nne na saa saba mchana, ili saa za kwanza za kuganda, ambazo ndizo zenye hatari, ziishe kabla ya magharibi. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari hasa, ndiyo mizuri. Mvua za masika zikianza Aprili, kazi ya mteja haimwagwi kwangu. Nachonga mbao, nasubiri. Kalibu ikishajazwa naifunika kwa sanduku la plastiki lenye vile vijifuko vya chembe za kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Wako watakaofunga madirisha yote ili kuzuia unyevu. Usifanye hivyo. Mvuke wa hadina si wa kuvuta, na poliesta ni mbaya zaidi. Acha dirisha wazi, vaa glavu, chagua saa njema. Ngozi ya mwili wako ikishaizoea vibaya hadina, huenda ukawashwa kila ukiigusa maisha yako yote.

Maziwa ndani, na tochi inaonyesha mwali

Hapa orodha ya washukiwa ni ndefu, lakini wengi ni ndugu wa mama mmoja.

Ulitumia rangi gani? Rangi za chakula za maji, rangi za watoto za kuchorea, rangi ya ukuta inayochanganywa na maji, wino wa printa: zote hizi zina maji, na maji na epoksi hayapatani. Yatachanganyika kwa nguvu ya mkono, kisha yatabaki vitone vidogo visivyohesabika, na hicho ndicho ukungu. Rangi ya ukuta inaongeza balaa lake, kwa kuwa imejaa unga mweupe wa kufunika ukuta. Imetengenezwa isipitishe mwanga!

Kishawishi kikubwa hapa kwetu ni unga wa rangi wa kutilia miyaa ya mikeka. Unapatikana, ni wa bei nafuu, na urujuani wake ni wa kupendeza. Lakini umetengenezwa kuyeyuka kwenye maji yanayochemka, si kwenye epoksi. Ukiutia mkavu unabaki madoadoa. Ukiuyeyusha kwanza kwenye maji, umerudi kwenye maji.

Kinachofaa ni rangi ya kuyeyuka iliyotengenezwa kwa ajili ya rezini, au wino wa spiriti. Hizi nazo huagizwa Mombasa au Nairobi, kwa hiyo chupa moja hutunzwa kama wanja. Lakini tahadhari na kitu kimoja kilichonigharimu wiki mbili. Wino wa spiriti ukikauka, watu huuongeza spiriti ya duka la dawa. Soma karatasi ya chupa. Spiriti ya kusafishia vidonda aghalabu ni ya asilimia 70, na kilichobaki ni maji. Umetia theluthi ya maji kwenye wino mzuri kisha unashangaa umegeuka uji. Tafuta iliyo karibu na asilimia 99, au acha wino kama ulivyo.

Kama rangi ni sahihi na ukungu bado upo, angalia vyombo. Kikombe ulichokiosha na kukipangusa kwa kanga hakijakauka. Kijiti cha mbao kilichokaa jikoni kimenyonya unyevu. Chupa iliyokaa kwenye chumba cha kiyoyozi ikitolewa nje hutoka jasho, na jasho hilo huingia nawe ukiifungua, kwa hiyo iache ipate joto la nje ikiwa imefungwa.

Halafu kuna vile unavyovizamisha. Kauri, simbi, vigae vya sahani: upande uliovunjika wa kigae hauna ule mng'aro wa juu na hunyonya maji. Vianike siku kadhaa, si saa kadhaa. Mbao ni hivyohivyo. Ufa wa kipande cha mbambakofi kilichotoka kwenye mabaki ya jahazi unaonekana mkavu kwa macho, lakini ukimwagiwa rezini unaanza kupumua viputo na unyevu kwa saa nyingi. Paka kwanza tabaka jembamba la rezini isiyo na rangi kuzunguka ufa wote, liache lishike, ndipo umwage ya rangi.

Viputo vyenyewe hutokana na mkono wenye haraka. Koroga polepole dakika tatu au nne bila kupiga kama mayai. Unaweza kulaza chupa ya rezini, ikiwa imefungwa vizuri, kwenye bakuli la maji vuguvugu ili ilegee na kuachia hewa, kisha uipanguse kabisa kabla ya kuifungua. Joto hilo lakini hukatia muda wako. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu, na Lamu tayari tuko juu ya nyuzi zilizoandikwa kwenye chupa. Kupitisha kiberiti cha gesi juu ya uso hupasua viputo vya juu, ila usithubutu kama umetoka kudondosha wino wa spiriti hivi sasa. Spiriti huwaka.

Hakuna maji, lakini mwali bado upo

Basi ni chembe. Unga wa mika, ule unaometa kama lulu, hautakuwa angavu kamwe. Ni vigamba vidogo vinavyorudisha mwanga, na ndiyo kazi yake. Wino mweupe wa spiriti ni chembe nyeupe zilizoelea tu, nazo huzama chini. Ukichanganya rangi yoyote na nyeupe ili ipoe, umekwisha kuua uangavu. Rangi ya kupoa hupatikana kwa kuipunguza, si kwa kuongeza nyeupe.

Rangi za mafuta za wachoraji zina watetezi wengi. Baadhi zimesagwa kwa chembe zinazopitisha mwanga kiasi, na tyubu nyingi zina alama ya kuonyesha kama rangi ni ya kufunika au ya kupenya. Kwa ncha ya kijiti kwenye gramu 100 zinaweza kupita. Sizipendi, kwa sababu mafuta yake hayagandi na epoksi na ukizidisha unabaki na ulaini, lakini mtu aliyekwama asinilaumu.

Ni angavu, lakini giza

Hili ni kosa la jicho. Kwenye kikombe, rangi unaitazama ukutani mwake palipo pembamba na inaonekana nyepesi, ukaongeza tone, na tone jingine. Kalibu ina kina, na kina huzidisha rangi.

Simama kwenye gati asubuhi utazame mlango wa bahari wa kwenda kisiwa cha Manda. Pale penye ngazi maji hayana rangi, unaona kokoto. Hatua chache mbele ni kijani, katikati ni buluu nzito. Maji ni yaleyale. Kwenye rezini hesabu yake ni kali: ikiwa milimita 3 zinapitisha nusu ya mwanga, milimita 6 zitapitisha robo, na milimita 12 sehemu moja tu ya kumi na sita. Kwa hiyo rangi iliyopendeza kwenye hereni itakuwa lami kwenye sinia.

Nafanya hivi. Rangi haiingii moja kwa moja kwenye kazi. Natia tone moja kwenye gramu 10 za rezini pekee, bila hadina, nakoroga, hiyo ndiyo mama. Kutoka kwa mama nachota kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kutia kidogo kidogo kwenye rezini ya kazi, na rezini ya mama naihesabu kwenye vipimo kabla ya kupima hadina. Kisha najaribu kwa kina halisi: namimina kwenye kikombe kinachopitisha mwanga hadi urefu uleule wa kalibu, nakiweka juu ya karatasi yenye maandishi. Maandishi yakisomeka, basi. Yakisomeka kwa taabu, naongeza rezini tupu.

Wanaopenda rangi nyekundu wawe na subira zaidi, kwa kuwa rangi hiyo huzama gizani haraka kuliko ya manjano.

Rangi imegeuka baada ya kuganda

Buluu imekuwa kijani: tazama hadina yako. Ikikaa sana, au chupa ikifunguliwafunguliwa, hugeuka manjano kama mafuta ya kupikia, na manjano juu ya buluu unajua kinachozaliwa. Shehena zetu hushuka Mokowe, upande wa bara, na pengine hukaa juani kabla ya kupata boti, sembuse kupanda punda. Ukipata chupa ya manjano itumie kwa kaharabu, kahawia au kijani, usiitoe sadaka kwa buluu. Urujuani juu ya manjano huwa kama tope. Ncha ya urujuani kwenye rezini tupu huficha manjano kidogo, lakini huipa kijivu cha mbali, na jicho kali litakiona.

Manjano hutokea pia ukimwaga nyingi kwa mara moja. Rezini ikiganda hutoa joto, na nyingi ikiwa pamoja joto halina pa kutokea: hubadilika rangi, hupasuka, huweza hata kutoa moshi kikombeni. Mwaga kwa tabaka, kwa kina kilichoandikwa kwenye chupa, na kwa joto letu punguza hata hicho.

Kwenye poliesta mambo ni mengine. Kichocheo chake ni peroksaidi, nayo huchubua baadhi ya rangi mithili ya jiki. Umetia waridi, asubuhi unakuta maji. Tena poliesta nyingi za boti zina kobalti, inayoipa rezini rangi yake yenyewe tangu kiwandani. Kwa kazi ya kuona ng'ambo usiazime rezini ya fundi wa boti, hata akikupa bure. Na peroksaidi hiyo ikirukia jicho ni hatari ya kweli, vaa miwani.

Michirizi, na sehemu zinazonata

Michirizi ni mkorogo usiokamilika. Kwangua kuta na chini ya kikombe, kisha uhamishie kwenye kikombe cha pili kisafi ukoroge tena. Kile kinachobaki kwenye kuta za cha kwanza usikikamulie kwenye kalibu.

Kunata kunatokana na vipimo au wino mwingi. Chupa ikisema mbili kwa moja kwa ujazo, usipime kwa mizani uwiano huohuo, kwa kuwa rezini kwa kawaida ni nzito kuliko hadina. Spiriti nayo ikizidi hunaswa ndani na kukifanya kipande kiwe laini kama ufizi. Kuzidisha hadina ili igande haraka hakusaidii epoksi, kunaiharibu.

Ilikuwa nzuri, miezi sita baadaye imepauka

Jua. Tuko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na rangi za kuyeyuka ndizo zinazoumia zaidi, hasa waridi na zile za kung'aa kama taa. Epoksi yenyewe huelekea manjano. Rangi za chembe hustahimili jua kuliko za kuyeyuka, na hapo unachagua: uangavu au umri. Kitu cha kuning'inia dirishani nakataa kukitia waridi, namwambia mteja wazi, akisisitiza anachukua buluu.

Kila chupa mpya ikifika namwaga kipande kimoja cha ukubwa wa kidole, nafunga nusu yake kwa karatasi ya aluminiamu na kukiweka kwenye ukingo wa dirisha la juu linalotazama mashariki. Baada ya mwezi naifungua na kulinganisha nusu mbili. Sasa hivi viko kumi na moja pale, na viwili tu havijaonyesha mpaka wa karatasi ulipokuwa.